Fundi wa kaburi anasubiri: tuandike nini juu ya Bibi? (Katoliki, Sabato na mlokole ndani ya nyumba moja)

#1 Mtoto wa Kihamba

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aruke mpaka mwisho wa bandiko.

Bibi mzaa baba tumemzika mwezi uliopita kwetu Rombo, kihambani (shamba la ukoo), kando ya Babu. Arobaini inaangukia wiki ijayo, na wajukuu tumechanga kaburi lijengewe: saruji, vigae vyeupe, na jiwe la maandishi upande wa kichwani. Fundi anachonga kwa patasi na anatoza kwa herufi. Jina na tarehe ameshapata. Anasubiri mstari mmoja wa chini, na huo mstari ndio umetugawa.

Bibi alizaliwa Upare, kwenye nyumba ya Wasabato wa siku nyingi (Usabato uliingia nchini kupitia milima ile ile, mwaka 1903). Akaolewa na Mrombo Mkatoliki, akabatizwa, akashika rozari mpaka anakufa. Kwenye watoto wake, Baba ni Mkatoliki, kiongozi wa jumuiya. Shangazi aliolewa Same, akarudi kwenye Usabato wa ukoo wa mama yake. Baba mdogo yuko Dar, ameokoka tangu 1994, ni mzee wa kanisa huko kwao.

Vurugu zilianza na siku ya kuzika. Wengi walitaka Jumamosi, maana watu wa Dar wanapanda basi Ijumaa. Wajomba wa Upare wakasema Jumamosi wao ni Sabato, jeneza hawatalibeba. Tukazika Alhamisi, yakaisha. Sasa asubuhi ile fundi rangi amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, msalaba wa mbao kaulaza mapajani, ameshaandika jina, KUZALIWA, KUFARIKI. Akauliza, "Chini niweke nini?"

Baba: "Apumzike kwa amani."

Baba mdogo: "Hiyo ni kumwombea. Mama haombewi tena. Andika Ameenda kwa Baba."

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. "Hajaenda popote. Amelala. Andika Amelala."

Yule kijana akabaki anatutazama, brashi iko hewani, rangi ikadondoka kwenye herufi ya mwisho ya jina la Bibi. Doa lipo mpaka leo, na chini yake patupu.

Pale kaburini ndiyo ikawa kila mtu na lake. Padre katuongoza: raha ya milele umpe ee Bwana. Baba mdogo kapewa kipaza sauti atoe neno la faraja, akasema mama yuko mbinguni muda huu anatuangalia. Mjomba wa Upare naye akasimama kwa upole kabisa, akasoma kwamba wafu hawajui neno lolote. Yaani kwa nusu saa Bibi alikuwa toharani anatakaswa, mbinguni na usingizini.

Mimi ni Mkatoliki wa Pasaka na Krismasi, sina ugomvi na mtu. Nataka mnieleweshe kila upande umesimama juu ya nini, na kama kuna mstari ambao hawa watatu wanaweza kuusoma pamoja bila mmoja kununa. Matusi kwa dini za watu hapana. Nawasilisha.

#2 Jiwe la Mto

Andikeni "Hapa amelala bibi yetu mpendwa" mmalize. Mnalipia herufi kugombania kitu ambacho hakuna aliyerudi kutuambia.

#3 Mbege Baridi

Mkuu, hiyo "amelala" ndiyo Usabato wenyewe. Umeshachagua upande bila kujijua.

#4 Parapanda ya Asubuhi

Mleta uzi, pole na msiba. Nieleze upande wa shangazi yako maana mimi ni wa huko.

Sisi hatufundishi kwamba ndani ya mtu kuna kitu kinachotoka na kwenda kuishi kwingine. Mwanzo 2:7, mavumbi pamoja na pumzi ya uhai, ndipo mtu akawa nafsi hai. Pumzi ikiondoka hakuna nafsi inayobaki inaelea. Mhubiri 9:5 ndiyo hiyo aliyosoma mjomba wako. Na Yesu alipopata habari za Lazaro alisema "amelala." Lazaro huyo alikaa kaburini siku nne, akafufuliwa, na Biblia haina hata mstari mmoja akisimulia mbinguni kulikuwaje. Angekuwa ametokea huko, si angelia kwa kurudishwa kijijini kwake Bethania?

Watu husikia fundisho hili wakadhani ni la baridi. Hapana. Bibi amefumba macho Rombo, na atakapoyafumbua, atakachoona kwanza ni Bwana anakuja. Kwake yeye katikati hapo hakuna hata dakika ya kungoja. Wanaongoja ni ninyi.

Na waovu hawachomwi milele na milele. Baada ya ile miaka elfu ya Ufunuo 20 wanateketezwa, wanakwisha. Mimi singeweza kumwabudu Mungu anayemchoma mtu miaka bilioni kwa dhambi za miaka sitini.

La mwisho, ambalo kwetu lina uzito wake: kama wafu hawajui kitu, basi anayekutokea usiku kwa sura ya Bibi akidai mbuzi si Bibi. Someni habari za yule mwanamke wa Endori aliyeitisha wafu, 1 Samweli 28.

#5 Kengele ya Tatu

Mimi nilikuwa katekista miaka mingi, nimeona toharani inavyopotoshwa, hata na sisi wenyewe.

Kwanza, toharani siyo jehanamu ndogo, wala siyo mtihani wa marudio. Aliyeko toharani AMESHAOKOKA. Mlango uko wazi na jina lake limeitwa, ila anatoka shambani na tope miguuni, anaogeshwa kwanza. Paulo anasema mtu huyo ataokolewa, "lakini ni kama kwa moto" (1 Kor 3:15). Na 2 Makabayo 12: askari wa Yuda Makabayo wamekufa vitani, kuwafunua wanakutwa na hirizi za miungu ya Yamnia chini ya nguo. Yuda hakusema shauri yao. Akachangisha drakma elfu mbili za fedha, zikapelekwa Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Najua nyie wa vitabu 66 hicho kitabu hamna, sisi wa 73 tunacho, na ugomvi wetu nusu yake unaanzia hapo.

Halafu niwape kitu ambacho Wakatoliki wengi hawakijui. Papa Yohane wa 22, akiwa Avignon mwaka 1331, alihubiri kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya mwisho. Papa mwenyewe! Wanateolojia wa Paris wakamjia juu. Akaikana kauli hiyo akiwa kitandani anakufa, Desemba 1334, na aliyemfuata, Benedikto wa 12, akafunga mjadala mwaka 1336: aliyekufa amekamilika anamwona Mungu mara moja, hangojei. Kwa hiyo mkisema shangazi wa Same ana maswali ya ajabu, mjue yalishafika mpaka kwenye kiti cha Petro.

#6 Ndoo na Kata

Amina kwa wote, ila niseme kama mtu aliyeokoka.

Waebrania 9:27, watu wamewekewa kufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Katikati hapo sijaona bafu. Damu ya Yesu imesafisha au haijasafisha? Kama imesafisha, tope la miguuni limetoka wapi?

Na kwa ndugu Parapanda: Paulo alitamani "kwenda zangu nikae na Kristo, maana ni vizuri zaidi sana" (Wafilipi 1:23). Kulala usingizi usio na ndoto kuna uzuri gani kuliko kuishi na kuhubiri? Halafu yule mwizi msalabani kando ya Yesu. Luka 23:43, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." LEO HIVI. Hakubatizwa, hakutoa zaka, hakuwa na jumuiya. Aliomba sentensi moja tu, akajibiwa siku ile ile.

#7 Parapanda ya Asubuhi

Nilijua mwizi atakuja. Mkuu, ile koma iliwekwa na nani? Luka aliandika Kigiriki, na hati za kale zimeandikwa herufi kubwa mfululizo, bila nafasi, bila koma. Sisi tunasoma: "Amin nakuambia leo, utakuwa pamoja nami peponi." Leo, siku hii ambayo nimetundikwa na sionekani kama mfalme, nakuahidi. Na Jumapili yake alimwambia Mariamu Magdalene kwamba hajapaa bado kwa Baba.

#8 Ndoo na Kata

Yesu amesema "Amin nakuambia" mara nyingi sana kwenye Injili, na hakuna mahali pengine aliposema "nakuambia leo." Kwa nini aanzie kwa mwizi?

#9 Mtoto wa Kihamba

Jamani, hii ya koma imenikalisha macho. Nimechukua Biblia ya Bibi yenyewe, Union Version, jalada limeshikiliwa na utepe wa daktari. Watafsiri wetu hawakuishia kuweka koma, waliweka na "hivi": leo hivi. Kwa Kiswahili hapo huna pa kupenyeza Usabato, mlango umepigwa kufuli. Na bado Shangazi anaisoma Biblia hiyo hiyo kila Sabato!

Nikaendelea kuchimba. "Jehanamu" imetufikia kupitia Kiarabu, lakini asili yake ni bonde la Hinomu kusini mwa Yerusalemu, mahali unapoweza kupanda gari ukafika. "Peponi" ina pepo ndani yake. Na "kuzimu"? Ni kwa wazimu, kwa mizimu. Wazee wetu walipoambiwa Yesu alishukia kuzimu, walisikia kwamba amekwenda kwa babu zao. Hii si habari ndogo.

#10 Mbege Baridi

Ndugu katekista, mimi sina tatizo na toharani, nina tatizo na daftari. Parokia moja, sitaitaja jina, walimkatalia mjomba wangu padre wa kumzika. Sababu: kadi ya zaka ina mapengo ya miaka mitatu, na jumuiyani haonekani. Mtu alikuwa na kiharusi, haongei, angeendaje jumuiya? Tukamzika na mwalimu wa shule akisoma Zaburi kutoka kwenye simu. Baada ya wiki mbili tunaambiwa tunaweza kumwombea misa, bahasha iko ofisini. Yaani kuzikwa hafai ila kuombewa kwa hela anafaa.

#11 Kengele ya Tatu

Mkuu, hapo sitetei. Pole sana.

Nakupa ya kujibia siku nyingine. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ule ule uliotetea toharani mwaka 1563, uliwaagiza maaskofu wazuie kila kinachonukia faida ya aibu kwenye jambo hilo. Walikuwa wameshaona kilichotokea: mwaka 1517 Luther aliwashwa na wauza rehema (vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi), akina Tetzel, na Ulaya ikapasuka. Na sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 947, inataka hata sura ya biashara isionekane kwenye sadaka za misa. Kanuni ya 945 inawahimiza mapadre waadhimishe kwa nia za waamini, hasa wahitaji, hata bila kupewa chochote. Kadi ya zaka siyo cheti cha wokovu. Aliyekuambia hivyo kwa vitendo alikosea.

#12 Nesi wa Zamu

Mimi huwa nasoma tu, leo nachangia.

Wodi ya wazazi, saa tisa usiku. Mtoto wa wiki ishirini na saba, kichwa kama ndimu kubwa, anahema kwa vipindi. Mama yake amenishika gauni: "Sista, mbatize." Mimi ni Mmoraviani, nikamwambia padre aitwe. Akasema hatamkuta. Nikavuta maji ya uvuguvugu kwenye bomba la sindano, nikatoa sindano, nikamdondoshea matone matatu kichwani: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Jina alilichagua pale pale. Baadaye padre wa hospitali akaniambia ubatizo ule ni halali kabisa, kwenye hatari ya kufa yeyote anaweza kubatiza akiwa na nia ya kufanya lifanywalo na Kanisa.

Kumbe yule mama mtoto wake wa kwanza alikufa bila kubatizwa, na mkwewe alimwambia yuko gizani, hatamwona Mungu. Miaka sita anabeba hilo.

Nikasoma. Agostino, mwalimu wa Kanisa wa kale, alifundisha kwamba vichanga wasiobatizwa wanahukumiwa, ila adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Baadaye wanateolojia wakaona haivumiliki, wakazungumzia limbo, mahali pasipo maumivu wala uso wa Mungu. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ikaandika waziwazi kwamba kuna sababu nzito za kutumaini watoto hao wameokolewa, na Katekisimu inawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Nilimtafuta yule mama nimweleze. Hakunijibu chochote, alinitazama tu akafunga khanga vizuri akaondoka.

#13 Jiwe la Mto

Nilikuja na utani, naona uzi umekuwa wa watu wazima. Basi niulize la kweli.

Mmisionari Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro 1848. Mababu waliokufa kabla ya hapo, ambao jina la Yesu halikuwahi kutamkwa chini ya ule mlima, wako wapi? Inasimuliwa kwamba mfalme Radbod wa Wafrisia, huko Ulaya ya kaskazini, alishaingiza mguu majini abatizwe, akauliza: babu zangu wako wapi? Akajibiwa, motoni. Akautoa mguu. Akasema bora akae na wazee wake kuliko mbinguni na ombaomba wachache. Mimi namwelewa sana huyo mzee.

#14 Kengele ya Tatu

Na aliyemjibu alijibu kwa haraka. Nikiri kwamba Kanisa langu lenyewe, Mtaguso wa Florence, mwaka 1442 liliandika kwamba walio nje yake wanakwenda kwenye moto wa milele. Mwaka 1964 Vatikano ya Pili ikasema asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri, anaweza kuokoka. Hapo katikati Ulaya ilikuwa imegundua kwamba dunia ni kubwa kuliko ilivyodhani. Wengine wanaita maendeleo ya mafundisho, wengine wanaita kigeugeu. Mimi naona ni watu waliokutana na akina babu yako.

#15 Ndoo na Kata

Hapa tuwe makini. Kama wote wanaokoka bila kusikia, mmisionari alikuja kufanya nini? Warumi 10, wamwaminije wasiyemsikia? Nasema hivyo na babu yangu mwenyewe alikufa anatambika, na nikimfikiria sipati usingizi. Namwachia Mwamuzi wa dunia yote. Zaidi ya hapo sina.

#16 Mlutheri wa Mlimani

Nimesoma mabandiko yote, nashangaa mmebishana siku mbili juu ya chumba cha kusubiria na hakuna aliyezungumzia safari.

Luther mara nyingi alikiita kifo usingizi. Calvin, mwanamatengenezo mwingine wa Kanisa, akiwa kijana akaandika kitabu kizima kupinga usingizi wa roho. Walutheri na Wakatoliki waliogombana juu ya wokovu tangu 1517 wakatia saini pamoja Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999: tunapokelewa na Mungu kwa neema tu, siyo kwa stahili yetu. Toharani ikabaki bila kuafikiwa, na watu hawakufa kwa hilo.

Mkatoliki kila Dominika anakiri ufufuko wa wafu. Mlutheri anakiri hilo hilo. Msabato ndiyo tegemeo lake lote. Mlokole anaimba parapanda italia. Lakini nendeni msibani mhesabu mtasikia neno ufufuo mara ngapi, utasikia "ametangulia", "yuko mahali pazuri", "anatuangalia." Paulo kwenye 1 Wathesalonike 4 anawafariji waliofiwa, na faraja anayoitoa ni kwamba waliokufa katika Kristo watafufuliwa. Huyu Bibi, mwenye magoti yaliyochoka kwa kubeba majani ya ng'ombe, ndiye atakayesimama.

Mleta uzi, mpe fundi Yohana 11. Ndipo Lazaro alipo.

#17 Mtoto wa Kihamba

Mrejesho. Nimepiga simu ya watu wanne jana usiku, salio limeisha mara mbili.

Shangazi akasema Yohana 11 sawa, ila iwe aya ya 24, Martha anasema: "Najua ya kuwa atafufuka katika ufufuo siku ya mwisho." Siku ya mwisho, siyo leo. Baba mdogo akasema aya ya 24 ni Martha, hajaelewa bado, jibu la Yesu ni aya ya 25: "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Baba akasema injili hiyo husomwa kwenye misa za wafu, yeye hana neno, na misa ya arobaini iko pale pale. Shangazi akasema atakuja, hatajibu sala, atapika.

Kuandika aya nzima hela hatuna. Nikampigia fundi nikamuuliza YOHANA 11:24 itakuwa bei gani, na YOHANA 11:25 bei gani. Akasema ni ile ile. Nikamuuliza, na tukitaka zote mbili, 24-25?

Akahesabu kwa sauti. Tarakimu mbili zinaongezeka. Kistari akasema hatatoza.